Nina silikoni kifuani: saratani ya matiti nitapimwaje?

Kazi yangu ni kupiga picha za mamogramu, yaani picha za mionzi za matiti. Kabla mama hajasimama kwenye mashine namuuliza maswali ya fomu: umri wako, umezaa watoto wangapi, nani kwenye ukoo aliugua saratani, umewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti. Hilo la mwisho wengi hulijibu harakaharaka: hapana. Napiga picha ya kwanza, na kwenye skrini linatokea umbo jeupe, limejaa, kama yai la kuchemsha. Namtazama, naye ananitazama. "Dada yangu," ananong'ona, "baba watoto yuko hapo nje kwenye benchi."

Simlaumu. Lakini picha ile imeshaharibika, amekula mionzi bure, na mimi nilikuwa nimemkandamiza mahali ambapo nisingemkandamiza kama ningejua. Ndiyo maana nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na wanawake wa aina yake, wa Dar es Salaam, wa Mombasa na Nairobi, na wale walioko Uarabuni na Ulaya wanaonipigia usiku watoto wakishalala. Nasema "silikoni" kama watu wanavyosema, hata kama zako zimejazwa maji ya chumvi. Pale tofauti ilipo na maana nitaitaja.

Mwenye silikoni anaruhusiwa kupima mamogramu?

Anaruhusiwa, na anatakiwa. Nyama yako ya titi haikuondolewa ulipowekewa kipandikizi, yaani huo mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi. Ilisukumwa mbele tu, na saratani huota kwenye nyama hiyohiyo. Aliyekwambia "wewe huwezi kupima tena" amekukosea.

Je, silikoni zenyewe huleta saratani?

Saratani ya titi ya kawaida, ile inayoanzia kwenye mirija au vifuko vya maziwa, hapana. Kipandikizi cha kwanza cha silikoni kiliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Tangu hapo wanawake wengi wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na waliowekewa hawakuonekana kuugua saratani ya titi kuwazidi wenzao. Ipo saratani nyingine, adimu, inayohusishwa na aina fulani za vipandikizi. Hiyo ina swali lake huko chini, usiiruke.

Sasa kama hazileti saratani, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kuona. Kwenye mamogramu mafuta ya titi hutoka meusi-kijivu, uvimbe hutoka mweupe. Silikoni nayo hutoka nyeupe pe. Kilicho nyuma yake au juu yake hakionekani, kama vile kusoma gazeti lililofunikwa na kikombe. Mfuko wa maji ya chumvi hupitisha mionzi zaidi kuliko wa silikoni, lakini nao unaficha. Juu ya hapo, kipandikizi huibana nyama iliyobaki ikawa tabaka jembamba lililoshonana, na nyama iliyoshonana ni ngumu kusoma hata kwa jicho la daktari mzoefu wa radiolojia.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulitoa picha halisi. Kwa wanawake wasio na dalili, mamogramu ilizikamata saratani 45 kati ya 100 kwa wenye vipandikizi, na karibu 67 kati ya 100 kwa wasio navyo. Ukisoma hapo tu utakata tamaa. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba saratani za wenye vipandikizi hazikuwa zimeenea zaidi zilipogunduliwa. Inawezekana ni kwa sababu kipandikizi huisukuma nyama mbele, karibu na ngozi, mkono ukagusa uvimbe mapema. Na enzi hiyo bado tulikuwa na picha za filamu; mashine za kidijitali za leo zinaona vizuri zaidi.

Picha zenyewe hupigwaje?

Hapa ndipo watu wanapoogopa, kwa hiyo nitakupeleka hatua kwa hatua.

Asiye na silikoni hupigwa picha nne: kila titi moja kutoka juu na moja kwa mshazari kutoka upande wa kwapa. Wewe utapigwa nane. Nne za kwanza ni zilezile za kawaida, silikoni ikiwa mahali pake, na hapo bamba la plastiki linashuka kiasi cha kukushika usitikisike tu, halikandamizi. Hizo zinatuonyesha kipandikizi chenyewe, nyama iliyo nyuma karibu na ukuta wa kifua, na sehemu ya kwapani.

Nne za pili ndizo kazi. Tunazipiga kwa mbinu aliyoieleza daktari Eklund wa Marekani mwaka 1988. Nasimama pembeni yako, naweka vidole vyangu kwenye titi nikitafuta mpaka, pale nyama inapoishia na mfuko unapoanza. Ukishaugusa mara mia unaujua: nyama inateleza, mfuko unarudi kama mpira. Naivuta nyama mbele, nausukuma mfuko nyuma kuelekea mbavuni, kisha nashusha bamba taratibu mbele ya mfuko, na vidole vyangu natoa mwishoni kabisa. Kilichobaki chini ya bamba ni nyama peke yake, na hiyo sasa naweza kuikandamiza sawasawa. "Usipumue." Sekunde chache. "Pumua." Tunahamia upande wa pili.

Kuna jambo jingine usiloliona. Mashine huwa na mpangilio wa kujipimia yenyewe mionzi ya kutosha. Ikikutana na silikoni inadhani titi ni gumu mno na kuongeza mionzi, kwa hiyo kwenye picha za mfuko tunapanga kwa mkono. Fundi asiyejua kwamba unazo anaiachia mashine ijiendeshe.

Kipimo chote hakizidi nusu saa. Mahali ambapo foleni inakimbizwa dakika tano tano, uliza mapema kama wanajua kupiga picha za kusukuma kipandikizi. Ni swali halali, na jibu la "tutaangalia" siyo jibu. Baadhi ya magari ya upimaji yanayozunguka mitaani hayapokei kabisa wenye silikoni, kwa hiyo usijipange kwenye jua kabla hujauliza.

Zitapasuka?

Uwezekano upo lakini ni mdogo sana. Visa vilivyoripotiwa ni vichache ukilinganisha na mamogramu zinazopigwa kila siku duniani, na mara nyingi mfuko wenyewe ulikuwa mzee au umeshaanza kuchakaa. Kikandamizwacho kwa nguvu ni nyama iliyo mbele ya mfuko, kama nilivyoeleza. Hii ni sababu nyingine ya kusema mapema: anayebana kwa nguvu ile ya kawaida ni yule asiyejua kwamba kuna mfuko.

Picha nane, si mionzi mingi?

Mamogramu ya kawaida ya picha nne hukupa mionzi kama ile unayoipata bila kujua kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi. Zidisha mara mbili, ongeza na kidogo. Bado ni kidogo.

Nianze kupima nikiwa na umri gani?

Umri uleule wa wanawake wengine. Silikoni hazikuanzishi mapema wala hazikucheleweshi. Nchi hazikubaliani: Marekani, jopo la serikali la kinga lilisema mwaka 2024 kila miaka miwili kuanzia 40 hadi 74, Chama cha Saratani cha Marekani kinataka kila mwaka kuanzia 45, na ukitaka kuanza 40 ruksa. Uingereza huita wanawake kwa barua kila baada ya miaka mitatu, kuanzia 50 mpaka wanapotimiza 71, na wenye vipandikizi wanaitwa vilevile. Ukipata barua hiyo, wapigie simu uwaambie unazo ili wakupangie muda mrefu.

Kwetu hakuna barua. Hakuna atakayekutafuta. Mwezi wa Oktoba hospitali nyingi hufungua milango na kupima bure kwa mikono, mabango ya pinki kila kona, kisha Novemba kimya. Kama umefika 40, panga mwenyewe na daktari wako. Na kama mama, dada au mtoto wako aliugua saratani ya titi au ya mfuko wa mayai, hasa akiwa kijana, usingoje 40. Mweleze daktari ukoo mzima, wa kuumeni na wa kukeni, kwa sababu urithi huu hupita hata kwa baba.

Jambo la kufanya kabla ya kuwekewa: kama una mpango wa silikoni na umri wako umeshafika wa kupima, piga mamogramu kwanza. Picha ya titi kabla halijaguswa ni kumbukumbu ambayo huwezi kuirudia.

Ultrasaundi haitoshi? Haibani, na ni nafuu.

Ningependa ingetosha. Ultrasaundi haina mionzi, inapenya vizuri nyama iliyoshonana, na ikiwa kuna kivimbe inatwambia mara moja kama ni maji au ni nyama ngumu. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 30 mwenye uvimbe, ndiyo tunayoanza nayo. Lakini kuna dalili moja ambayo ni vigumu kuiona: chembechembe ndogo za chokaa, ndogo kuliko punje ya chumvi, ambazo mara nyingine ndiyo alama pekee ya saratani iliyo bado ndani ya mirija. Mamogramu inaziona. Kwa hiyo ultrasaundi ni msaidizi. Wenye matiti yaliyoshonana sana tunawaongezea, hatuwabadilishii.

Kwenye mji usio na mamogramu, je? Basi ultrasaundi ya mtu mzoefu pamoja na daktari wa kupapasa ni bora mara kumi kuliko kukaa nyumbani.

Na MRI? Niliambiwa nipime kila baada ya miaka miwili, mitatu. Hiyo si ndiyo kupima saratani?

Hapa wengi wanachanganya, hata baadhi ya watu wanaoandika karatasi za rufaa.

MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku badala ya mionzi, za matiti ziko mbili. Moja hupigwa bila dawa, na kazi yake ni kuangalia mfuko: umepasuka au haujapasuka. Mfuko wa silikoni huweza kupasuka kimyakimya, titi likabaki na umbo lake, kwa sababu mwili ulishaujengea ukuta wa kovu kuuzunguka na jeli imebaki humo. Ganda lililopasuka huelea ndani ya jeli, na kwenye picha linaonekana kama tambi zilizopikwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye silikoni ya jeli waangalie mfuko kwa ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu. Wenye maji ya chumvi hawahitaji: mfuko wao ukipasuka titi linasinyaa ndani ya siku chache, utaona mwenyewe kwenye kioo.

MRI ya pili hupigwa kwa dawa ya kontrasti inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Saratani ina mishipa mingi ya damu, hivyo inainywa dawa hiyo haraka na kung'aa. Hiyo ndiyo ya saratani, na silikoni haiisumbui hata kidogo. Ni kipimo kikali kuliko vyote, lakini ni ghali, mashine zake ni chache nje ya miji mikubwa, na inang'arisha pia vitu visivyo na madhara, ukaishia kuchomwa sindano bure. Kwa hiyo tunaiweka kwa walio katika hatari kubwa: wenye kasoro ya jeni ya BRCA, wenye ukoo mzito, waliopigwa mionzi kifuani wakiwa wadogo.

Ukipewa jibu la MRI ya kwanza linalosema "mfuko mzima", usilisome kama "huna saratani". Hawakuitafuta. Angalia kwenye karatasi kama kuna neno kontrasti.

Kama uko katikati ya kujengewa titi na umewekewa puto la muda la kutanua ngozi, sema kabla hujaingia chumba cha MRI. Mengi ya maputo hayo yana sumaku kwenye mlango wa kujazia maji. Halafu waambie pia kuhusu figo, kwa ajili ya ile dawa, na betri ya moyo kama unayo.

Titi langu moja limekuwa gumu kama jiwe. Nitapimwaje?

Ukuta wa kovu umejikaza kuuzunguka mfuko. Titi kama hilo siwezi kulisukuma, na sitalazimisha. Tunapiga picha za kawaida, tunaongeza moja ya ubavuni, kisha ultrasaundi. Ugumu wenyewe si saratani. Ila mpelekee daktari wa upasuaji, kwa sababu kuna dawa yake: kuondoa kovu na mfuko.

Nikijipapasa nahisi vitu. Nitajuaje kipi ni kipi?

Swali zuri kuliko yote. Mwenye silikoni ana vitu vingi vya kugusa: ukingo wa mfuko chini ya titi, mikunjo midogo pembeni hasa akiwa mwembamba, na kwa baadhi ya mifuko ya maji kuna kifuniko kidogo cha kujazia, kigumu kama kifungo cha shati. Kila mmoja wetu aliyewahi kukishika kwa mara ya kwanza alishtuka.

Jizoeze baada ya vidonda kupona, miezi michache baada ya upasuaji. Laza mkono, papasa ukiwa umelala, kisha ukiwa bafuni na sabuni. Tafuta ukingo uko wapi, mikunjo iko upande gani. Mwombe daktari aliyekuwekea akuonyeshe kwa mkono wake: hapa ni mfuko, hapa ni nyama. Ukishalijua titi lako lilivyo kawaida, kitu kipya kitajitangaza chenyewe: donge lililo kwenye nyama na halikuwepo, ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu kwenye chuchu, uvimbe kwapani.

Ukiona mojawapo, usiende kwenye foleni ya upimaji wa kawaida. Sema "nina donge", si "nimekuja kupima". Vipimo vyake ni vingine na daktari hutakiwa kuwa karibu wakati picha zinapigwa.

Titi limevimba ghafla, miaka tisa baada ya kuwekewa. Sikugongwa popote.

Nenda wiki hii. Mara nyingi ni maji yasiyo na ubaya, au maambukizi. Lakini ndivyo inavyojitokeza ile saratani adimu niliyoitaja: limfoma inayoota kwenye ukuta wa kovu unaozunguka kipandikizi. Siyo saratani ya titi. Ni ya chembe za kinga ya mwili. FDA ilionya kwa mara ya kwanza mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani likaitambua kama ugonjwa wake mwenyewe mwaka 2016. Imeonekana hasa kwa wenye vipandikizi vyenye ngozi ya mikwaruzo, si vile laini. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya mikwaruzo vya BIOCELL.

Kwa kawaida hujitokeza miaka minane hadi kumi baada ya upasuaji, titi moja likijaa maji. Mamogramu haina msaada mkubwa hapo. Unapigwa ultrasaundi, maji yanavutwa kwa sindano na kupelekwa maabara kutafutwa alama inayoitwa CD30. Mwambie daktari neno hilo, CD30, maana maji yakipelekwa kupimwa bakteria tu jibu litatoka safi na wewe utarudi nyumbani na ugonjwa. Ikigunduliwa ikiwa bado iko ukutani, kuondoa mfuko pamoja na kovu lote mara nyingi kunatosha. Mwaka 2022 FDA iliongeza onyo kuhusu saratani nyingine chache zilizokutwa kwenye kovu hilo.

Kama zako ni za mikwaruzo na huna dalili yoyote, hakuna anayekutaka uzitoe. Jua tu unazo, na usipuuze uvimbe.

Mimi sikuwekewa mfuko. Nilichomwa sindano za kukuza matiti.

Nakushukuru kwa kusema. Sindano za silikoni ya maji, au jeli yoyote, kwenye matiti ni hatari tangu mwanzo. FDA haijawahi kuidhinisha silikoni ya kuchoma kwa kazi hiyo. Silikoni iliyoachiwa huru hutapakaa ndani ya nyama na mwili unaizungushia madonge. Kwenye mamogramu titi linaonekana kama gunia la maharage: madonge meupe kila mahali, na saratani inaweza kukaa katikati yao bila kujulikana. Kupapasa nako hakusaidii. Hapa MRI ya kontrasti ndiyo inayotegemewa, na kama haipo karibu, ultrasaundi kwa mtu aliyekwisha kuona matiti ya namna hiyo.

Walioongezewa mafuta yao wenyewe kutoka tumboni au mapajani ni habari nyingine. Mafuta mengine hufa na kuacha vifuko na chokaa. Daktari wa radiolojia huwa anavitambua, mradi ameambiwa.

Niliondolewa titi kwa saratani, nikajengewa jingine kwa kipandikizi. Bado napima?

Titi lililobaki, ndiyo, kila mwaka au kama daktari wako alivyopanga. Lililojengwa kwa kawaida halipigwi mamogramu, kwa sababu nyama yake iliondolewa. Linapapaswa na daktari, nawe ulikague ngozi, kovu na kwapa. Ikiwa uliondolewa uvimbe tu na titi likabaki, hiyo ni hesabu nyingine: unaendelea kupiga mamogramu pande zote.

Daktari anataka kuchukua kinyama. Sindano haitatoboa mfuko?

Inafanyika, na inafanyika salama, kwa mtu anayeiona ncha ya sindano kwenye ultrasaundi na kuipitisha sambamba na mfuko badala ya kuielekeza kwenye mfuko. Muulize kama ameshawafanyia wenye vipandikizi. Na hata kama hatari ya kutoboa ipo, mfuko unabadilishwa. Kinyama kisichochukuliwa ndicho kitu cha kuogopa.

Niliwekewa Istanbul, sina karatasi yoyote.

Siku ya upasuaji ulipaswa kupewa kadi: jina la kampuni, namba, ukubwa, aina ya ngozi, na upande gani. Wengi huiacha hotelini pamoja na maboksi ya dawa. Iandikie kliniki, waombe nakala. Iwe Uturuki, Dubai au India, rekodi huwa wanazo. Piga picha kadi hiyo na mtumie mtu unayemwamini.

Umuhimu wake ulionekana Ufaransa. Mwaka 2010 ilibainika kuwa kampuni ya PIP ilikuwa inajaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani, na wanawake katika nchi nyingi duniani walianza kujiuliza kama na zao ni hizo. Wenye kadi walijua siku hiyohiyo. Wasio nayo walibaki kubahatisha.

Ukikosa kabisa, angalau kumbuka mwaka na kama ziko juu ya msuli au chini. Zilizo chini ya msuli hunirahisishia kazi, maana nyama inaachana na mfuko vizuri zaidi.

Nikizitoa, picha zinarudi kuwa za kawaida?

Karibu. Zinabaki nne, lakini kovu litaonekana, na kama mfuko ulipasuka kunaweza kubaki silikoni kwenye tezi za kwapani. Tezi hizo huvimba na huweza kumtisha asiyejua historia. Endelea kusema "niliwahi kuwa nazo" kwa maisha yako yote.

Siku ya kipimo nivaeje, nifanyeje?

Njoo na blauzi na sketi au suruali, si gauni au dera, maana unavua juu tu. Usipake dawa ya kwapa, poda wala losheni. Chembe zake hung'aa kama zile za chokaa. Wiki moja baada ya hedhi titi huwa haliumi sana. Leta picha za zamani hata kama ni za miaka mitano iliyopita. Shanga na mikufu acha nyumbani.

Nani atajua? Mume wangu hajui, mama mkwe ndiyo kabisa.

Anayepiga picha, daktari anayezisoma, na daktari aliyekuandikia. Basi. Jibu lako ni lako, na mume hapewi bahasha kwenye dirisha kama hukuruhusu. Ila angalia bima: kama kadi ni ya mume, uliza kabla ni nini kitaandikwa kwenye karatasi ya madai.

Usilazimike kulisema mapokezi mbele ya foleni. Subiri mlango ufungwe, umebaki na mpiga picha. Ukitaka mwanamke, omba mwanamke. Vituo vingi vina mmoja. Ukishindwa kutamka, andika. Mama mmoja alinipa risiti yake ya malipo ikiwa imekunjwa mara nne. Nyuma ameandika kwa kalamu ya wanja: "Ninazo. 2016. Chini ya msuli." Niliisoma, nikaichana mbele yake nikaitupa. Tukapiga zote nane. Alipotoka, mumewe alikuwa amesimama kwenye kibanda cha chai, anamnunulia maandazi.